Wimbo wa Sikio Moja

9 Februari

Mwanangu,

Salamu zitangulie, mengine yafuate. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu ambalo limeamua kujitegemea, na masikio ya baba yako, ambayo ndiyo yaliyonikalisha mbele ya kompyuta hii tangu asubuhi. Na wewe je? Unakula? Unalala? Usinijibu "niko poa" kama mara ya mwisho. Mtu mzima hajibiwi hivyo.

Jana nilimpeleka kwa daktari wa masikio. La kushoto limekwisha, hilo tulilijua. La kulia nalo linafuata. Daktari ni binti mdogo mwenye sauti ya upole ambayo baba yako hakuambulia hata neno lake moja, kwa hiyo maelezo yote nilipewa mimi. Anasema usikivu wake unaondoka kuanzia juu. Zinatangulia sauti nyembamba, zinafuata za kati, na zile nzito ndizo za mwisho. Nikamwuliza, lini? Akasema pengine katikati ya mwaka, pengine kabla. Kile kifaa cha kuvaa sikioni kinamletea makelele ya vijiko tu, naye amekiweka kwenye kikombe cha kalamu. Daktari mwenyewe amekiri kwamba kwenye muziki hakitamsaidia.

Baba yako alizipokea habari hizi kama anavyopokea kila kitu, yaani alizibeba mpaka nyumbani. Alipokuwa anavua viatu akaniuliza, "Wimbo wangu umefikia wapi?"

Ndiyo maana nakuandikia. Miaka thelathini na mitano amepiga gitaa nyuma ya waimbaji wengine. Mimi nilikuwa fundi mitambo pale redioni, nimewarekodi wote hao, na hakuna hata siku moja baba yako, kaka yangu huyu, aliyoomba kuimba wimbo wake mwenyewe. Mpaka ulipokuja likizo mwaka jana, ukamkalisha sebuleni na maikrofoni yako, akautoa. Uliondoka nao ukisema utamwekea bendi kamili. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze kusubiri. Anataka ausikie mara moja akiwa na bendi nyuma yake, kabla sikio hilo halijafunga. Simu hasikii tena, kwa hiyo usipige ukadhani utamtuliza kwa maneno. Tuma wimbo.

Shangazi yako


21 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limetubu na kurudi nyumbani. Mimi mzima, nakula, na kulala nalala, ingawa tangu nilipopata barua yako usingizi umekuwa wa mang'amung'amu.

Usinicheke kwa hili nitakalokuambia. Hapa studio wananiita Chapchap. Wakiniletea tangazo la sabuni saa tatu asubuhi, saa nne nimeshachanganya sauti, mteja amelipokea na kwenda zake. Siri yangu ni ile uliyonifundisha wewe, kupunguza badala ya kuongeza. Bosi wangu anadhani nilizaliwa nayo, nami sijamsahihisha.

Lakini wimbo wa Baba umenishinda. Nilianza na sauti yake na gitaa. Nikaona ni mkavu, nikaita mpiga ngoma. Nikaongeza besi, halafu kinanda, tarumbeta tatu, waitikiaji sita. Sasa kuna njia arobaini na tatu kwenye kompyuta, kila chombo na njia yake, na zote zinagombea mlango mmoja. Nikishusha tarumbeta, waitikiaji wanazidi. Nikiwashusha waitikiaji, kinanda kinajitia bwana mkubwa. Faili zangu zinaitwa Mwisho, Mwisho Kabisa, Mwisho wa Kweli na Mwisho Usiguse. Ya juzi inaitwa Mwisho Usiguse Mpya.

Naiambatanisha hiyo ya juzi. Haijakamilika, na umwambie hivyo kabla hujaiwasha, tafadhali. Lakini aionje.

Mwanao


23 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijatubu.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimkalisha kwenye kiti chake, nikaisogeza spika upande wa kulia. Alisikiliza wimbo wote huku anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyealikwa harusi ambayo hamjui bwana wala bibi. Ulipokwisha akasema, "Anaimba vizuri kijana huyu. Ni nani?"

Nimezunguka na jambo hili tangu jana, nikuambie au nikufiche. Nimekata shauri nikuambie, kwa sababu siku zenyewe ni chache na sisi si watu wa kudanganyana. Baba yako hakujijua.

Na mimi nimejua kwa nini. Umemnyoosha sauti. Kila pale anapokwamakwama kabla ya kushuka, wewe umepiga pasi. Na ule ubeti wa tatu, aliposahau mstari akanyamaza, nilikuwepo na nakumbuka, umejaza tarumbeta mpaka pengo halionekani. Kazi safi kabisa. Ungeniletea picha ya mtu bila pua ningekuambia hivyo hivyo, kazi safi.

Nikukumbushe tulivyokuwa tunafanya. Bendi ilipewa saa moja. Inayofuata iko mlangoni na vyombo vyake, imeshaanza kuzozana na bawabu. Meza yangu ilikuwa na vijiti vinne tu vya kupandishia na kushushia sauti, na kila kitu kilinaswa papo hapo, hakuna kurudi kesho. Kijiti cha kwanza ni cha mwimbaji. Nilikipandisha mpaka nasikia kila neno, halafu sikukigusa tena hata jengo liungue. Vyombo vingine viliingia kimoja kimoja kwa kumwomba ruhusa yeye. Kikianza kumfunika, kinashuka. Nikikizima na nikaona sijakosa kitu, hakirudi. Basi. Wanaume wa pale walisema nafanya haraka kwa sababu mwanamke hana subira. Kweli sikuwa na subira, lakini bendi zilikuwa zinamwomba bawabu zamu yangu.

Nilikosea mara nyingi, mwanangu. Kuna nyimbo zangu nikizisikia leo nazima redio. Lakini zilitoka, na waliozipiga walizisikia.

Tuma nyingine wiki hii.

Shangazi yako


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Nitaurekebisha.

Msalimie kijana anayeimba vizuri.

Mwanao


27 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, kama bado unazipokea. Karibu miezi miwili sasa umenifungia mdomo. Nimekutumia ujumbe mfupi mara tatu, ukanijibu "nakaribia". Unakaribia wapi? Mtu aliyeondoka kwa miguu siku hiyo angekuwa ameshafika kwetu na kuoga.

Nikupe habari za nyumbani, maana hujaziuliza. Wiki iliyopita birika lilipiga filimbi jikoni mpaka maji yakakauka, naye amekaa hatua nne kutoka hapo anasoma gazeti. Nilipomfokea akashtuka, akasema birika limeharibika, siku hizi halilii. Nikamwambia kweli, limeharibika.

Asubuhi anapiga gitaa kama kawaida, ila nyuzi zile nyembamba anazipita juu juu, hazigusi. Kwanza nilidhani ni vidole. Halafu nikaelewa kwamba hazisikii, na mtu hapigi asichokisikia. Kila jioni ananiuliza habari ya wimbo. Tangu Jumatano ameacha kuniuliza, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko birika.

Najua lile neno lake lilikuuma. Lilikuuma na mimi ndiye niliyelileta. Lakini kama umenuna, nuna ukiwa unafanya kazi. Matangazo ya sabuni unayamaliza kwa saa moja. Kuna nini kwenye wimbo huu? Niambie ukweli, nami nitanyamaza.

Shangazi yako


3 Mei

Shikamoo Shangazi,

Naomba radhi kwa ukimya, kwako na kwa Baba. Goti lako pia sikuliuliza, nalo naliomba radhi.

Umetaka ukweli. Sijanuna. Kila siku baada ya kazi nimekaa na wimbo ule, na sasa una njia hamsini na moja. Nimeomba hadi mpiga zeze mmoja aje kuongeza kitu, akauliza aongeze wapi, nikashindwa kumwonyesha nafasi.

Nilipomsikiliza Baba peke yake, bila chombo kingine, kila alipokwama nilisikia uzee. Sikuuweza. Nikaunyoosha ule mkwamo, na mwingine, na mwingine, mpaka akabaki kijana. Niliona kama nimempa zawadi. Kumbe nimemtoa ndani ya wimbo wake, na yeye akawa mtu wa kwanza kuona kwamba hayumo.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliandika. Matangazo nayamaliza haraka kwa sababu hayana mtu wangu ndani. Huu nikiumaliza, sina kitu kingine cha kumfanyia Baba. Muda wote ninapoushughulikia najiona kama nimeyashika masikio yake, kwamba hayawezi kufunga kabla sijamaliza. Ni ujinga, najua. Birika limeniambia ni ujinga. Nimesoma barua yako kazini nikatoka kwenda kusimama nje kwenye ngazi mpaka bosi akanifuata.

Sasa nisaidie. Daktari alisema sauti zinaondoka kuanzia juu. Nataka kujua imebaki nini hasa. Simaanishi kwa vipimo vya hospitali, nataka ujaribu wewe hapo nyumbani, leo au kesho. Anasikia nini, hasikii nini. Niandikie kila kitu, hata kama ni sufuria.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akupe nguvu. Barua yako nimeisoma mara mbili na sitakusema kitu. Niliahidi kunyamaza.

Nimefanya ulivyoagiza. Nilimkalisha kwenye kiti, mgongo kwangu, nikamwambia akisikia kitu anyanyue mkono. Halafu nikaanza kuangusha vitu. Jirani yetu mshonaji alichungulia dirishani akaniona mwanamke wa umri wangu ninatupa vifuniko vya sufuria sakafuni kimoja kimoja nyuma ya mzee aliyekaa kimya, akarudi ndani bila kusalimia. Kesho itabidi nikamweleze.

Funguo, hasikii. Kijiko kwenye sahani, hasikii. Kifuniko kikubwa hakukisikia kikianguka, lakini kilipokuwa kinazunguka sakafuni kikikaribia kutulia, ule mngurumo wa mwisho, alinyanyua mkono. Mlango ukijifunga anausikia vizuri. Kisigino changu kwenye sakafu ya mbao, anasikia. Nikigonga ndoo tupu ya maji kwa kiganja, anasikia na ananiambia nimepoteza mdundo.

Nilichukua gitaa lake. Nyuzi tatu nzito anazipata, wa nne anasema unakuja na kuondoka. Mimi nikiongea kawaida hanipati, nikiteremsha sauti kama dereva wa lori ananipata. Kisha nikamwomba aimbe. Akaimba ubeti mmoja wa wimbo wake, taratibu. Nikamwuliza, unajisikia? Akasema, "Najisikia kama niko chumba cha pili. Herufi zimepotea, sauti ipo."

Ndiyo hayo. Fanya haraka, maana hadi juzi ule uzi wa nne ulikuwa unakuja tu, hauondoki.

Shangazi yako


9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, na leo nasema kweli. Mwombe mshonaji msamaha kwa niaba yangu.

Nimeumaliza. Nitakueleza ilivyokuwa kwa kifupi, maana naogopa nikikaa na barua hii nitaanza kuihariri.

Jana nilimpigia mteja wa tangazo la rangi za nyumba, yule asiyependa kusubirishwa, nikampa miadi ya leo saa tano kamili. Leo saa nne nikafunga mlango. Nikafungua wimbo upya, nikaondoa yote niliyoweka, nikabakiza vinne: sauti ya Baba kama alivyoitoa sebuleni, gitaa lake, besi na ngoma ile kubwa. Sauti niliipandisha mpaka nikasikia maneno yote, nikaondoa mkono. Nikafunika kioo cha kompyuta kwa mtandio wangu ili nisichague kwa macho. Barua yako ya sufuria niliiweka pembeni yangu. Kila nilichotaka kukirudisha nilijiuliza, hiki ni funguo au ni mlango? Tarumbeta ni funguo. Waitikiaji, wote sita, ni vijiko. Nilidhani vitaniuma kuviacha, lakini nilivisahau ndani ya dakika kumi.

Mikwamo yote nimeirudisha. Pale aliponyamaza, ananyamaza, na besi inapita peke yake mpaka anaporudi.

Besi nimeipandisha kuliko inavyofaa. Kazini ningeulizwa kama nina homa. Lakini yeye ataipata, na ikimshika mkono itamfikisha kwenye sauti yake. Nimechanganya kwa ajili ya sikio moja tu duniani, Shangazi. Wengine wakiona imezidi, wana masikio yao, wajitegemee.

Mteja aligonga saa tano kasoro dakika tatu. Nilikuwa nimeshasikiliza mara moja na kuhifadhi. Faili inaitwa Baba. Sikuisikiliza mara ya pili na sitaisikiliza mpaka uniambie.

Niandikie alichosema. Hata kama amesema "ni nani huyu", niandikie.

Mwanao


4 Juni

Mwanangu,

Pokea salamu zangu na za kaka yangu, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu anahakikisha naandika. Goti langu tuliache. Najua umenuna, na safari hii una haki. Karibu wiki nne umeniuliza alisema nini, nami nikakujibu "ameusikia, subiri". Nilikuwa na sababu, nayo ndiyo hii.

Siku ile ile uliyoutuma nilimkalisha, spika kulia kwake. Besi ilipoanza aliinua uso. Ilipoingia sauti aliniangalia akasema, "Ndiye mimi huyo." Hakuuliza, alinijulisha, kama vile mimi ndiye niliyekuwa sijui. Kwenye ubeti wa tatu, pale penye kimya, akacheka kidogo akasema, "Hapo nilisahau." Ulipokwisha akaniambia nirudie.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake. Kila asubuhi akimaliza chai anakaa, nawasha, anausikiliza mara moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, ananyanyuka kwenda kwenye shughuli zake. Siku nyingine aliimba nao. Siku nyingine vidole tu vilikuwa vinatembea kwenye paja. Kila siku nilimwuliza, nimwandikie nini mtoto? Kila siku akanijibu, "Bado." Bado nini, wewe mzee? "Bado nasikiliza." Sikuwa na neno lake la kukupa, na la kwangu sikutaka litangulie mbele ya lake. Lakini sasa nakupa na la kwangu: hata mimi kwa saa moja nisingeweza hivyo.

Nimehesabu, ni siku ishirini na tatu.

Jumatatu hii alikaa kama kawaida, nami nikawasha. Akangoja. Baadaye akanigeukia akasema, "Washa basi." Nikamwonyesha kitaa cha kijani kwenye spika, kinawaka. Akakiangalia kile kitaa, akaitikia kwa kichwa. Hatukuzima. Tulikaa mpaka ukaisha, mimi nausikia kwa niaba ya wote wawili na machozi yananitoka, siwezi kukuficha. Yeye hakulia. Alijua umefika ubeti wa tatu, akatabasamu pale pale penye kimya, sijui alijuaje, labda alikuwa anahesabu.

Siku tatu hakukaa tena mbele ya spika. Leo asubuhi kaja na kiti, kakiweka hapa, kaniambia niwashe kompyuta. Akasema, "Mwandikie sasa. Mwambie nimeusikia wote, na mimi nilikuwemo. Mwambie asante. Halafu mwambie besi imezidi."

Siku hizi tunaongea kwa daftari. Nikaandika kwa herufi kubwa: ILIZIDI TANGU SIKU YA KWANZA. KWA NINI HUKUSEMA?

Akasoma, akanirudishia daftari langu.

"Ningesema, angeishusha."

Sasa anasema unaweza kuishusha, ili na wengine wausikie vizuri.

Shangazi yako